Hakimu Aliyemjua Mbwa

Nyuma ya maduka ya leso, kwenye kichochoro kinachotokea Mtaa wa Biashara, palikuwa na ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, na mwaka ule wa sabini na tatu ubao huo ulikuwa na wenyewe. Mzee Shamsudin wa Lamu alikaa kwenye kigoda mbele yake, dele la shaba la kahawa juu ya makaa, akigonganisha vikombe vya kauri hata kama wateja wote walikuwa wameshafika. Mkono wa kulia wa ubao alikaa Maalim Sharif, akipumzika baada ya kusomesha watoto wa madrasa. Katikati alikaa Tobias, karani wa stoo ya mbao, ambaye jina lake lilikuwa limeshasahauliwa. Watu walimwita Rufani, kwa kuwa alishindwa kesi ya shamba huko kwao Bungoma, akakata rufani, akashindwa, akakata tena, na tangu hapo hakuna neno lililompita bila kupingwa, hata bei ya kashata. Mwisho kabisa alikaa Nzioka, dereva wa teksi, waliyemwita Giaboksi kwa sababu sauti yake ilianza chini na kupanda kwa vishindo. Hawa walizoea kubishana kila alasiri juu ya mambo yasiyowahusu. Jumanne hiyo jambo lilikuwa la mwenzao. Nashon, fundi wa makochi, alikuja moja kwa moja kutoka kortini, akaketi, wala hakunyoosha mkono kupokea kikombe.

— Wamekufunga? akauliza Giaboksi.

— Angefungwa angekuwa hapa? akasema Rufani. Wewe unauliza kama mtu amelala. Nashon, sema.

— Mpeni mtu maji kwanza, akasema Mzee Shamsudin. Uso wake umekauka kama dafu la juzi.

Nashon akanywa maji. Kesi yake waliijua wote. Mkewe, Peres, alikuwa fundi wa mapazia, na mwezi uliopita walikuwa wamepeleka mapazia kwa bibi mmoja huko Lavington, Peres amebeba vitambaa, Nashon amebeba vyuma vya kutundikia. Walipofika lango la jirani, gari lilikuwa likitoka, lango li wazi, na mbwa akachomoka. Mbwa mkubwa, rangi ya mchanga, manyoya ya mgongoni yamelala kinyume kama yaliyochanwa na shetani. Hakubweka. Alimkamata Peres mkono wa kulia, akaung'ang'ania. Nashon alimpiga mgongoni kwa chuma, mbwa hakuachia. Akampiga tena, safari hii kichwani, na mbwa akaachia, akalala, asiamke.

Mwenye mbwa, Bwana Kivuva, mtu wa malori mengi, alitoka nyumbani mbio. Nashon alidhani anamkimbilia Peres. Akampita Peres, akampigia mbwa magoti. Aliyemwagia Peres maji mkononi alikuwa askari wa lango, kwa chupa yake ya kunywa. Polisi wakafika upesi, kama wanavyofika upesi Lavington. Wakaandika maneno ya Bwana Kivuva juu ya boneti ya gari. Peres alipotaka kusema, wakamwambia, mama, nenda hospitali kwanza, mengine baadaye. Nashon wakamchukua. Shtaka likawa ni kuua mnyama, mali ya mtu mwingine, kwa makusudi.

— Leo Kivuva ametoa ushahidi, akasema Nashon. Amesema Kanali alikuwa mpole.

— Kanali nani? akauliza Maalim.

— Mbwa.

— Mbwa ana cheo? Subhanallah.

— Amesema watoto walikuwa wakimpanda mgongoni. Amesema hajawahi kuuma hata inzi. Sasa hakimu akaweka kalamu chini, akatabasamu. Akasema, hilo nalijua mimi mwenyewe. Mtoto wa Kanali ninaye nyumbani kwangu. Mbwa mpole kupita kiasi.

Mzee Shamsudin aliacha kugonganisha vikombe.

— Rudia hapo, akasema Rufani polepole.

— Ana mtoto wake. Kivuva na yeye wakatazamana, wakacheka kidogo, kile kicheko cha watu wanaojuana. Karani akacheka. Mwendesha mashtaka akacheka. Kisha hakimu akaokota kalamu yake, akasema tuendelee, kesi itamalizika Alhamisi.

— Na wewe ulifanya nini?

— Ningefanya nini? Nilisimama pale kizimbani. Nilijiona mpumbavu.

Giaboksi akapanda gia. — Hiyo ni maneno gani! Mtu anahukumu kesi ya mbwa na mtoto ya mbwa iko kwake nyumbani! Si hiyo ni familia ya marehemu?

— Ni wakwe, akasema Rufani. Mimi sheria naijua, nimelala nayo kitanda kimoja miaka mingi. Mtu akichukua mtoto kwako, ninyi ni jamaa. Kivuva ametoa, hakimu amepokea. Huo ni ukwe. Damu nzito kuliko maji.

— Damu ya nani sasa, akauliza Maalim, ya hakimu au ya mbwa?

— Maalim, usinivuruge. Ninasema hakimu ni mfiwa! Umeona wapi mfiwa akamhukumu aliyeua? Afadhali angekuja kortini na kitambaa cheusi mkononi, tujue.

— Na huyo mtoto, akasema Giaboksi, alimnunua ama alipewa bure? Kama alipewa bure, hiyo ni hongo. Kama alinunua, hiyo ni biashara. Kama alikopeshwa, ndiyo mbaya zaidi. Njia zote zinaenda Industrial Area, zinaingia jela.

Maalim Sharif akaweka kikombe chini. Alipotaka kusema jambo zito, kwanza alijipangusa ndevu.

— Mnaruka-ruka juu ya jambo. Sikilizeni. Vitabu vyetu vinamkataza kadhi kuhukumu akiwa na hasira. Hasira tu! Kwa sababu moyo ukishaelemea upande, mizani imekwisha. Hiyo ni moja. Ya pili: mbwa akilamba chombo, tunakiosha mara saba, mara moja kwa udongo. Sasa huyu bwana analambwa mkono kila asubuhi, na mkono huohuo ndio unaoandika hukumu. Je, hukumu hiyo imeoshwa?

— Mara saba! akapiga paja Giaboksi. Na udongo!

— Nacheka mimi? Sicheki.

— Lakini Maalim, akasema Mzee Shamsudin kwa upole, wewe mbwa huwapendi tangu utotoni. Yule wa Mhindi pale kona ukimwona unavuka barabara.

— Hiyo inahusu nini?

— Inahusu, akadakia Rufani. Basi na wewe ujitoe katika kesi hii. Una chuki na ukoo wa mbwa.

— Mimi nijitoe? Ajitoe kwanza Giaboksi! Kivuva ni mtu wa kwao!

Giaboksi akasimama. — Mtu wa kwetu? Kwa vile sisi wote ni Wakamba? Huyo Kivuva anajua mimi? Gari yake inamwagia mimi matope hapo Ngong Road kila siku, hajapunguza mwendo hata siku moja. Wewe Rufani ndiyo ujitoe. Wewe hakuna hakimu unapenda. Hata Sulemani mwenye hekima wewe ungemkatia rufani.

— Sulemani alitaka kukata mtoto kwa upanga. Ningemkatia, ndiyo.

— Na Mzee Shamsudin naye ajitoe, akasema Maalim kwa uchungu. Nashon ni mteja wake.

— Mimi nimeshajitoa zamani, akasema mzee. Mimi nauza kahawa.

Kwa kawaida Nashon angecheka. Alikuwa mtu wa kucheka upesi, mwenye misumari midomoni na wimbo puani. Lakini siku hiyo kila neno lao lilimkwaruza, kwa sababu aliona kuwa hata hapa, kwenye ubao wa watu wanaompenda, shtaka lake lilikuwa limeshakuwa mchezo. Akasema kwa sauti iliyomshangaza mwenyewe:

— Ninyi niambieni kitu kimoja. Alhamisi nimwambie ama nisimwambie?

— Umwambie nini?

— Aondoke. Anipe hakimu mwingine.

Hapo ndipo walipogawanyika kwa kweli.

— Usithubutu, akasema Giaboksi, na sauti yake safari hii ilibaki chini. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Hiyo kalamu bado iko kwa mkono yake. Leo anakuonea huruma kidogo, pengine anakupa faini. Ukimwambia mbele ya watu ati anapendelea mbwa, anakupa miezi sita na viboko juu. Utasema nini kwa Peres?

— Na asipomwambia je? akasema Rufani. Mwenda bure si mkaa bure! Amwambie ajitoe. Akikataa, sawa, tunakata rufani.

— Na kama rufani inasikizwa na hakimu mwenye mjukuu wa mbwa? akauliza Giaboksi.

— Tunakata tena!

— Mpaka wapi? Mpaka Yesu arudi?

— Kesi ya ngedere usimpelekee nyani, akasema Maalim. Amwambie. Lakini kwa adabu.

— Adabu gani ya kumwambia mtu kwamba wewe ni nyani? akauliza Giaboksi.

Nashon aliondoka wakiwa bado wanagombana. Alipanda basi la Kawangware akasimama njia nzima, na lilipopita zile nyua za Lavington, zimenyolewa sawasawa kama kichwa cha mwanajeshi, alitazama upande wa pili.

Nyumbani alimkuta Peres ameketi mbele ya cherehani. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Kwa mkono wa kushoto alikuwa anajaribu kupitisha uzi kwenye sindano, uzi unakwepa, anaulamba, anajaribu tena. Alikuwa kortini siku hiyo, kwenye benchi la nyuma, lakini walikuwa wameondoka njia mbalimbali, na tangu asubuhi hawakuwa wamesema neno.

— Wacha nikusaidie, akasema Nashon.

— Usinisaidie. Nataka kujua kama naweza.

Akakaa kwenye kochi, la kwake mwenyewe, alilolishona kutoka mabaki ya vitambaa vya wateja. Akamweleza waliyosema kule kijiweni. Alipofika kwenye kuosha mara saba Peres hakucheka.

— Wanaume wa kahawa, akasema. Wanajua kila kitu. Kisha akaacha uzi. Unajua alipomsifu yule mbwa, mimi nilifanya nini?

— Nini?

— Niliuficha huu mkono chini ya leso. Niliona haya, Nashon. Niliona kama mimi ndiye niliyemuuma mbwa.

Kutoka nje zilikuja sauti za akina mama mferejini, wakigombania zamu ya ndoo. Alimtazama mkewe, mwanamke ambaye wateja walisema macho yake ni futi ya kupimia, akitazama dirisha mara moja tu na kujua kitambaa kitakachotosha, na hasira ilimpanda, hasira isiyo na kelele. Mpaka hapo alikuwa akiogopa kufungwa. Sasa aliogopa kitu kingine: kwamba angefungwa akiwa amenyamaza.

Alhamisi korti ilijaa. Kesi yake ilikuwa imeshaenea, na watu wanapenda kesi ya mbwa kuliko ya ng'ombe. Rufani alikuwa ameomba ruhusa kazini akisema anaumwa meno. Giaboksi alikuwa ameegesha teksi mahali pasiporuhusiwa. Bwana Kivuva alikuwa mbele, suti ya kijivu, kofia magotini. Peres alikaa nyuma kabisa, palepale.

Hakimu aliingia, wote wakasimama, wote wakaketi. Alikuwa mtu wa makamo, msafi, mwenye miwani, na uso wake haukuwa wa mtu mbaya. Jambo hilo ndilo lililomtia Nashon baridi. Angekuwa na uso mbaya ingekuwa rahisi.

— Mshtakiwa, una neno kabla hatujaendelea?

— Ninalo, Mheshimiwa. Naomba kesi hii isikizwe na hakimu mwingine.

Karani aliyekuwa akiandika aliinua kichwa. Bwana Kivuva akageuka.

— Kwa sababu gani?

— Kwa sababu wewe unamjua marehemu.

Korti ikapasuka kwa kicheko. Nashon hakuwa amekusudia mzaha, neno lilimtoka tu kwa sababu siku zote mbili lilikuwa likizunguka kichwani mwake kwa sauti ya Giaboksi. Hakimu akagonga meza. Mwendesha mashtaka alikuwa ameshasimama akisema huu ni utovu wa heshima kwa mahakama, lakini hakimu alimwashiria aketi.

— Nimekaa katika kiti hiki miaka mingi, akasema hakimu. Sijawahi kula cha mtu. Nimewafunga watu wakubwa kuliko Bwana Kivuva. Leo wewe unasimama hapa kusema nimenunuliwa kwa mtoto wa mbwa?

Mtu mmoja nyuma akaguna kwa kujizuia. Nashon alishika ukingo wa kizimba.

— Sijasema umenunuliwa, Mheshimiwa. Moyo wako siujui. Unaujua wewe na Mungu. Lakini mke wangu ndiye yule ameketi pale nyuma. Juzi ulipomsifu yule mbwa, aliuficha mkono wake kwa haya. Alijiona ni yeye aliyemuuma mbwa. Sasa mimi nasema hivi. Ukinifunga, yeye atasema umelipiza kisasi cha mbwa. Ukiniachilia, Bwana Kivuva atasema umeogopa maneno ya watu. Hata ukihukumu haki tupu, hakuna mtu ndani ya nyumba hii atakayeiamini.

Hakimu alitazama mbele, kwa Bwana Kivuva, ambaye alikuwa akitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza upuuzi wa mlevi. Kisha akatazama nyuma. Watu waliokuwa kati yake na Peres walijisogeza bila kuambiwa, mmoja kushoto, mwingine kulia, mpaka yule mwanamke akaonekana wazi na bandeji yake mapajani. Safari hii hakuificha.

Hakimu akasimama, akaingia chumbani kwake. Karani akamnong'oneza Nashon:

— Wewe umejimaliza, bwana.

Waliongoja walingoja. Aliporudi hakuwatazama tena waliokaa.

— Sioni upendeleo wowote moyoni mwangu, akasema, akisoma kwenye karatasi. Nataka hilo lijulikane. Hata hivyo kesi hii itaanza upya mbele ya hakimu mwingine. Akaiweka karatasi chini, na maneno ya mwisho akayasema bila kusoma. Sijitoi kwa kuwa umenishinda. Najitoa kwa kuwa umeyasema mbele ya watu, na sasa hata mimi nikiyafuta, wao hawatayafuta.

Bwana Kivuva aliinuka ghafla, kofia ikaanguka. — Mheshimiwa, ati anasikizwa huyu? Fundi wa viti? Mbwa wangu amekufa!

— Kaa chini, Bwana Kivuva, akasema hakimu, na kwa mara ya kwanza walimsikia akisema naye kama anavyosema na mtu mwingine yeyote.

Alasiri hiyo ubao ulilemewa. Walikuja hata watu ambao si wa pale, wakasimama na vikombe mkononi. Mzee Shamsudin alikuwa amejaza dele mara ya pili. Nyuma yake, kwenye kigoda kidogo kilichoazimwa dukani, alikaa dada yake aliyewasili kutoka Mombasa kwa treni ya asubuhi. Jina lake lilikuwa Mgeni, na kweli alikuwa mgeni. Alikuwa amefungua buibui shingoni kwa joto la makaa, akisikiliza bila kuingilia.

— Umeyasema mbele ya watu! Rufani alirudia kwa mara isiyojulikana. Hiyo kitu haiko hata kwa vitabu. Nashon, wewe ni loya umejificha ndani ya kochi.

— Mimi nilisema hivyo hivyo, akasema Giaboksi.

— Wewe? Wewe ulisema asithubutu!

— Nilikuwa najaribu roho yake.

— Lakini sasa tuulizane, akasema Maalim. Huyo hakimu mpya. Nani atatuhakikishia?

— Lazima achunguzwe, akasema Rufani. Kwanza asiwe na mbwa.

— Na paka je? Mwenye paka anachukia mbwa. Huyo atapendelea Nashon, na hiyo pia ni makosa.

— Basi asiwe na mnyama.

— Asiwe na mapazia pia, akasema Giaboksi, kwa sababu akiwa na mapazia atamwonea huruma Peres. Asikalie kochi, kwa sababu ya Nashon. Asipande lori, kwa sababu ya Kivuva.

— Basi huyo ni hakimu gani, anakaa chini ndani ya nyumba wazi?

— Na asiwe wa kabila lolote.

— Na asiwe anakunywa kahawa.

— Hakuna mtu wa hivyo Kenya!

— Wale Wamarekani walitua mwezini, akasema Rufani, na macho yake yalikuwa makavu kabisa, hana mzaha. Waulizwe huko kama kuna mtu. Hakimu wa mwezini hana mkwe, hana jirani, hana mbwa. Ashushwe, asikize kesi, apandishwe tena kabla hajazoeana na mtu.

— Atashukia Lavington, akasema Maalim. Nyinyi mtaona. Mtu wa cheo akishuka hushukia Lavington, na jioni hiyohiyo atakaribishwa chai.

Walicheka mpaka vikombe vikamwagika, na Nashon naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya lango. Alijihisi mwepesi. Alikuwa bado ni mshtakiwa, kesi ilikuwa inaanza upya kutoka neno la kwanza, lakini alikuwa amesema na hakuzimia. Hapo ndipo alipomwona Peres akija kichochoroni, ametoka kwa daktari. Bandeji ya zamani ilikuwa imetolewa, ameachiwa kitambaa chembamba tu. Kidole cha kati na cha pete vilikuwa vimesimama vimenyooka, havikunjiki.

Wanaume wakamfanyia nafasi, lakini ni Mgeni aliyeinuka akampa kigoda chake.

— Kaa, mwanangu. Pole sana. Daktari amesemaje?

— Amesema hivi viwili vitabaki hivi hivi, shikamoo mama.

— Marahaba. Mgeni alichukua ule mkono akauweka juu ya kiganja chake, akautazama kama mtu anayetazama kitambaa kilichochanika apate kujua kama kitashonwa. Kisha akamgeukia nduguye. Kaka, tangu nimekaa hapa nasikiliza kesi ya mbwa. Nimeelewa. Hakimu wa kwanza amejitoa, wa pili mnamtafuta mwezini. Lakini hebu niambieni, maana mimi ndiyo nimeingia mjini leo. Kesi ya mkono huu iko kwa hakimu gani?

Mzee Shamsudin alimtazama Maalim. Maalim alijipangusa ndevu, kisha akazipangusa tena. Giaboksi alishughulika kutafuta funguo za teksi mifukoni. Rufani alifungua kinywa, na wote wakamgeukia kwa matumaini, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikosa jibu. Akakifunga. Rufani hukatwa kwa kesi iliyokwisha. Hii haikuwa imeanza.

Nashon alikuwa amesimama mbele ya korti nzima akautaja mkono ule, na watu wakasogea uonekane, na hakimu akautazama, na hakuna aliyeuandika popote.

— Polisi waliniambia niende hospitali kwanza, akasema Peres. Hakuinua sauti. Mengine baadaye.

— Walisema hivyo, akasema Nashon.

— Hospitali nimetoka.

Alisimama, akaifunga leso yake vizuri kwa mkono wa kushoto na meno, akamshukuru Mgeni kwa kigoda.

— Maliza kahawa yako, Nashon. Kituo cha polisi hakifungwi.

Nashon aliiweka kahawa chini bila kuimaliza. Peres alikuwa ameshatangulia, akiukata umati wa mtaani, mkono wa kulia ameuinua mbele ya kifua ili mtu asiugonge, na watu walipouona wakampisha.